Nani katumia? Kulinganisha matumizi ya mwisho ya nchi mbili mwaka hadi mwaka

Kila msimu wa bajeti, mabarazani na katika kazi za wanafunzi wetu wa uchumi, hurudi ulinganisho ule ule: Wakenya wanatumia zaidi yetu, Morisi wametuacha mbali, Shelisheli ni wachache lakini mifuko yao mizito. Msemaji huwa na takwimu mkononi, na aghalabu takwimu yenyewe ni sahihi. Kinachokosekana ni kuhakikisha kwamba tarakimu mbili alizoziweka pamoja zimepima kitu kimoja, kwa bei za namna moja, na kwa watu wanaostahili kuhesabiwa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta, intaneti na subira ya jioni moja au mbili. Mfano wangu mkuu ni Tanzania na Kenya. Pale Zanzibar inapokuwa na jambo lake peke yake nitalisema, maana visiwa vyetu vinalifundisha somo hili vizuri kuliko mahali pengi.

1. Andika swali kabla ya kufungua jedwali

Sentensi moja tu, kwenye karatasi. "Nani anaishi vizuri zaidi?" ni swali. "Matumizi ya nani yamekua haraka zaidi?" ni swali jengine. "Nchi gani inakula sehemu kubwa ya pato lake na kubakisha kidogo cha kuwekeza?" ni la tatu. La kwanza linataka matumizi kwa kila mtu, yakiwa yamerekebishwa kwa tofauti za bei baina ya nchi. La pili linataka thamani kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa ambao bei zake hutumika kwa miaka yote. La tatu linataka asilimia ya Pato la Taifa. Asiyeamua huchukua jedwali la mwanzo analolikuta, ambalo mara nyingi ni la dola za mwaka husika, nalo halijibu hata moja kati ya hayo matatu.

2. Jua kilichomo ndani ya "matumizi ya mwisho"

Hapa usiende mbio. Matumizi ya mwisho ni jumla ya vitu vitatu: matumizi ya kaya, matumizi ya taasisi zisizo za faida zinazohudumia kaya (misikiti, makanisa, jumuiya za hisani), na matumizi ya serikali katika huduma zake za kila siku. Majedwali mengi huziunganisha kaya na taasisi hizo katika safu moja.

Katika matumizi ya kaya kuna vitu ambavyo hakuna aliyetoa pesa mfukoni kuvilipia. Muhogo uliochimbwa shambani Kojani ukapikwa nyumbani unahesabiwa, na samaki ambaye mvuvi wa Mkokotoni amempelekea mkewe badala ya kumuuza naye anahesabiwa. Anayeishi katika nyumba yake mwenyewe anakisiwa kodi ambayo angelilipa, na kodi hiyo inaingia katika matumizi yake. Kuijenga nyumba hiyo, kwa upande mwengine, si matumizi, ni uwekezaji. Kwa hiyo matofali na mabati yanayonunuliwa kwa pesa kutoka Muscat au London hayataonekana katika safu unayoitazama, hata kama kijiji kizima kinaona maisha ya familia ile yamebadilika.

Upande wa serikali, mishahara ya walimu na wauguzi, dawa za hospitali na chaki za skuli zimo. Barabara mpya haimo, maana ni uwekezaji. Riba ya deni haimo. Pensheni Jamii nayo haimo katika matumizi ya serikali: tangu Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, fedha hizo ni uhamisho tu, na zinageuka matumizi siku mzee anapokwenda dukani kununua mchele. Zinahesabiwa mara moja, upande wa kaya.

Kutokana na hilo kuna onyo ambalo wengi hulipita. Tuseme nchi moja inasomesha watoto bila malipo na nyengine inawatoza wazazi ada. Elimu ni ile ile, lakini katika nchi ya kwanza gharama iko kwenye safu ya serikali na katika ya pili iko kwenye safu ya kaya. Ukilinganisha kaya peke yake, ile ya kwanza itaonekana maskini kuliko ilivyo. Sisi wenye historia ya elimu bila malipo iliyotangazwa mwaka 1964 tungepaswa kuwa wa mwanzo kuliona hilo. Dawa yake ni kuanza na jumla ya matumizi ya mwisho, halafu ndipo uitenganishe.

3. Uliza: anayetumia ni mkaazi wa wapi?

Kama kuna hatua moja ningependa msomaji wa Unguja na Pemba aishike, ni hii. Matumizi ya mwisho ya nchi ni matumizi ya *wakaazi* wake, popote walipo. Hayapimwi kwa mauzo ya maduka yaliyomo ndani ya mipaka.

Mtalii wa Italia akila pweza Forodhani, chakula kimeliwa Zanzibar, fedha imeingia Zanzibar, na muuzaji amefurahi. Hata hivyo sahani ile si matumizi ya Zanzibar. Ni mauzo ya nje, sawa na karafuu iliyopakiwa melini, ila mnunuzi ameifuata mwenyewe. Kinyume chake, Mpemba aliyekwenda India kwa matibabu au Makka kwa Hija na kulipia hoteli na chakula huko, matumizi yake yanarudi kwetu, yakihesabiwa pia kama manunuzi kutoka nje. Mfanyabiashara aliyekwenda Dubai kununua vitambaa vya kuuza Darajani hayumo katika hesabu hii kwa bidhaa zake. Mtumiaji wa mwisho ni yule atakayevinunua kushona nguo.

Kipimo cha ukaazi kwa kawaida ni mwaka mmoja. Meneja wa kigeni anayeishi Kiwengwa miaka mitatu ni mkaazi, na matumizi yake ni yetu. Mgeni wa wiki mbili pale pale hotelini siye. Tena kuna tabaka jengine: mtu wa Dodoma aliyekuja Paje kwa mapumziko ya Pasaka ni mkaazi katika hesabu za Tanzania, lakini ukizihesabu Zanzibar peke yake, ni mgeni.

Kwa nini hili linagusa ulinganisho wa miaka? Kwa sababu watakwimu mara nyingi huanza na mauzo yaliyofanyika nchini, wakaongeza manunuzi ya wakaazi walioko ng'ambo, kisha wakatoa manunuzi ya wageni. Katika uchumi wa utalii sehemu hiyo inayotolewa ni kubwa. Mwaka 2020, ndege za watalii ziliposita, fedha nyingi iliyopotea kwenye hoteli za Nungwi ilikuwa ya mauzo ya nje. Matumizi yetu wenyewe yaliumia kwa njia ya pili: mpishi na dereva wa teksi walikosa kipato, wakapunguza sokoni. Ukiilinganisha Zanzibar, Morisi au Shelisheli na nchi isiyo na watalii wengi, isome safu ya mauzo ya huduma nje pamoja na ya matumizi, usije ukaona hoteli zimejaa ukadhani ndiyo matumizi ya wananchi.

4. Hakikisha nchi ni ipi

Hili ni fupi lakini limewapotosha wengi. Katika takwimu za Benki ya Dunia, Pato la Taifa la "Tanzania" ni la Tanzania Bara tu, na tanbihi inasema hivyo. Zanzibar ina hesabu zake, zinazotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, wakati za Bara hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hifadhi ya Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa inaweka Tanzania Bara na Zanzibar katika mistari miwili tofauti, jambo linalotufaa sana.

Ukija kugawa kwa idadi ya watu, gawa kwa watu wa eneo hilo hilo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima: 59,851,347 Bara na 1,889,773 Zanzibar. Anayechukua pato la Bara akaligawa kwa watu wote amelipunguza kwa takriban asilimia 3 bila sababu.

5. Shusha data, na shusha pamoja na maelezo yake

Kwenye hifadhi ya Benki ya Dunia tafuta kwa namba ya kiashiria, maana majina yanafanana mno. NE.CON.TOTL.ZS ni matumizi ya mwisho kama asilimia ya Pato la Taifa. NE.CON.TOTL.CN ni kwa sarafu ya nchi, bei za mwaka husika, NE.CON.TOTL.KN ni kwa sarafu ya nchi, bei za mwaka wa kizio. NE.CON.TOTL.CD na NE.CON.TOTL.KD ni dola, ya kwanza kwa bei za mwaka husika na ya pili kwa bei za kudumu, ndizo hizo za mwaka wa kizio. Badilisha TOTL kuwa PRVT upate kaya na taasisi, au GOVT upate serikali. Chagua TZA na KEN, chagua miaka, shusha faili la Excel. Ndani yake huwa na ukurasa wa maelezo: usome kabla ya ukurasa wa tarakimu.

Hakikisha pia mwaka ni mwaka. Bajeti za Tanzania na Kenya zote huanza Julai hadi Juni, lakini hesabu za taifa ni za Januari hadi Disemba. Ukichukua matumizi ya serikali kutoka kitabu cha bajeti ukayaweka ubavuni mwa matumizi ya kaya kutoka hesabu za taifa, umechanganya nusu mwaka na nusu mwaka. Na kuna nchi, India na Misri miongoni mwao, ambazo hata hesabu zao za taifa hufuata mwaka wa fedha.

Katika maelezo utaona pia kwamba matumizi ya kaya mara nyingi ni kinachobaki baada ya kutoa vyengine vyote kutoka katika Pato la Taifa. Makosa ya vipimo vyote basi hurundikana hapo. Kwa hiyo safu ya kaya ikiruka ghafla mwaka mmoja kisha ikarudi, usikimbilie kutunga sababu. Itazame kwanza pamoja na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya uliofanyika karibu na mwaka huo: Zanzibar ina wa 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20, Bara ina wa 2011/12 na 2017/18, Kenya ina wa 2005/06 na 2015/16. Utafiti na hesabu za taifa hazitalingana senti kwa senti, ila zikielekea pande mbili tofauti, kuna jambo la kuchunguza.

6. Chagua bei, na elewa kila bei inakwambia nini

Tuchukue Kenya mwaka 2023. Wastani wa dola moja ulipanda kutoka takriban shilingi 118 mwaka 2022 hadi karibu 140. Sasa tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kuna kundi la kaya lililotumia shilingi bilioni 100 mwaka wa kwanza na bilioni 110 mwaka wa pili, na bei zilipanda kwa asilimia 7.7.

Kwa shilingi, matumizi yameongezeka kwa asilimia 10. Kwa dola, zidisha 1.10 kwa 118 kisha gawa kwa 140: unapata 0.927, yaani yameshuka kwa asilimia 7.3. Kwa bei za kudumu, gawa 1.10 kwa 1.077: yameongezeka kwa asilimia 2.1. Kaya ni zile zile, sufuria ni zile zile, majibu ni matatu. Anayeandika "matumizi ya Wakenya yaliporomoka 2023" kwa kutazama dola ameandika habari ya soko la fedha za kigeni akadhani ni habari ya jikoni. Shilingi ya Tanzania kipindi hicho ilisogea kidogo tu, kutoka kama 2,300 hadi karibu 2,400, na ndiyo maana chati ya dola ingeonesha Tanzania "ikiifukuzia" Kenya kwa kasi ambayo haikuwapo.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Ukitaka kujua kasi ya ukuaji, tumia sarafu ya nchi yenyewe kwa bei za mwaka wa kizio, kila nchi peke yake, kisha linganisha asilimia za ukuaji. Ukitaka kujua kiwango cha maisha, tumia uwezo wa kununua. Kwa dola moja ya benki utanyolewa nywele na kupanga chumba kwa namna tofauti kabisa Chake Chake na Port Louis, na kiwango cha kubadilisha fedha hakilijui hilo. Mpango wa Kimataifa wa Ulinganisho hukusanya bei za bidhaa zinazofanana duniani ili kuziba pengo hilo. Duru zake za karibuni ni za 2011, 2017 na 2021, na matokeo ya 2021 yalitoka mwaka 2024 yakihusu nchi na maeneo 176. Kwa matumizi ya kaya, chukua kiashiria kilichotengenezwa kwa kapu la matumizi ya kaya, PA.NUS.PRVT.PP, badala ya kile cha Pato la Taifa zima, kwani kapu la Pato la Taifa lina mitambo na majengo ambayo kaya hazili.

Dola za mwaka husika zina kazi moja halali hapa: kujua wananchi wangeweza kununua kiasi gani kutoka nje. Kwa visiwa vinavyoagiza mchele, hilo si dogo. Liseme waziwazi tu kwamba ndilo unalolipima.

Kwa asilimia ya Pato la Taifa, bei hazikusumbui sana kwa sababu juu na chini ni sarafu moja. Usishtuke ukikuta nchi iliyopita 100. Nchi inayopokea misaada na fedha nyingi za watu wake walioko ng'ambo, au inayokopa, inaweza kutumia zaidi ya inachozalisha, tofauti ikiwa ni manunuzi kutoka nje.

7. Unganisha mifululizo iliyokatika

Mwezi Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009, na Pato lake la 2013 likaonekana kubwa zaidi kwa asilimia 25.3. Hakuna Mkenya aliyeamka tajiri siku hiyo. Sekta ambazo zilikuwa hazipimwi vizuri ndizo zilizoingizwa. Mwaka 2021 ikahamia 2016. Tanzania Bara ilihamia 2007 mwishoni mwa 2014, kisha 2015 mwaka 2019.

Kwa hiyo usichukue miaka ya nyuma kutoka kitabu cha zamani na miaka ya karibuni kutoka kitabu kipya ukaibandika. Tafuta mwaka unaopatikana katika mifululizo yote miwili. Tuseme mwaka huo una 80 katika mfululizo wa zamani na 100 katika mpya. Gawa 100 kwa 80 upate 1.25, kisha zidisha kila mwaka wa zamani kwa 1.25. Viwango vitapanda vyote, kasi ya ukuaji ya kila mwaka itabaki kama ilivyokuwa. Fanya hivyo kwa kila kipande cha matumizi na kwa jumla pia, lakini ujue kwamba baada ya kuunganisha, vipande havitajumlika kikamilifu kufikia jumla. Ni kawaida. Usivilazimishe.

8. Gawa kwa watu

Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye 1,889,773. Ni ongezeko la asilimia 45, yaani kama asilimia 3.8 kwa mwaka. Kenya, kutoka 38,610,097 mwaka 2009 hadi 47,564,296 mwaka 2019, iliongezeka kwa kama asilimia 2.1 kwa mwaka. Chukua basi kwamba matumizi halisi katika sehemu zote mbili yanakua kwa asilimia 5. Kwa kila mtu, Kenya imebakiwa na takriban asilimia 2.8, na Zanzibar imebakiwa na kama 1.2. Ukuaji uliolingana katika jumla umezidiana zaidi ya mara mbili katika sahani ya mtu mmoja. Sijui hoja nyengine ya takwimu ambayo ingetakiwa isikike zaidi katika mijadala yetu ya maendeleo kuliko hii, na bado ripoti nyingi huishia kwenye jumla.

9. Chora

Weka mwaka wa kuanzia uwe 100 kwa nchi zote mbili: gawa kila mwaka kwa mwaka wa kuanzia, zidisha kwa 100. Mwaka huo uwe wa kawaida. Ukianza na 2020 kila mtu ataonekana shujaa, na ukianza na 2008 Kenya itaonekana imepaa kwa sababu ilikuwa inatoka katika ghasia za baada ya uchaguzi. Jaribu miaka miwili au mitatu ya kuanzia. Kama picha inageuka kila unapobadilisha, hitimisho lako ni dhaifu.

Kwa wastani wa ukuaji, usijumlishe asilimia ukazigawa. Kama mwaka wa mwanzo uko kisanduku B2 na miaka kumi baadaye uko B12, andika =(B12/B2)^(1/10)-1. Kwa kipindi kirefu, geuza mhimili wa wima uwe wa logi, ambao kila hatua ya kupanda ni kuzidisha, si kujumlisha: mistari miwili yenye mteremko mmoja ina kasi moja ya ukuaji, hata kama mmoja uko juu sana ya mwengine.

10. Andika chini ya chati

Namba ya kiashiria, tarehe uliyoshusha, eneo (Bara, Zanzibar, au zote), aina ya bei na mwaka wa kizio, na chanzo cha idadi ya watu. Mistari mitatu inatosha.

Faili ulilolishusha lipe jina lenye tarehe na usilifute. Mwakani shusha upya miaka ile ile, uyaweke mafaili mawili pamoja. Hesabu za taifa husahihishwa, hasa za miaka miwili mitatu ya mwisho, na mara nyengine sahihisho ni kubwa kuliko tofauti ya nchi ulizozilinganisha. Ikiwa hivyo, iache dai la nani yuko juu, ubakishe kwenye ripoti yako ukuaji wa kipindi kirefu, ambao sahihisho halikuugusa.